Sauti Isiyo na Jina

Alhamisi ya Machi 19, 2020, vijana wa Kitanzania waliofungua Instagram walikutana na sura wanayoifahamu tangu utotoni. Mwana FA, msanii wa Bongo Fleva aliyeshika kipaza sauti kwa takribani miaka 20, alikuwa akizungumza mbele ya simu, bila mdundo wala wapambe. Alieleza kwamba amerudi kutoka Afrika Kusini, amejitenga na watu, amepimwa, na majibu yameonyesha ana virusi vya korona. Siku hizohizo Sallam SK, meneja wa Diamond Platnumz, naye akajitangaza.

Mgonjwa wa kwanza nchini alikuwa ametangazwa siku tatu tu kabla, Machi 16, na aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu. Waliothibitishwa walikuwa hawajafika hata kumi. Shule zilifungwa kwa tangazo la Machi 17, vyuo vikafuata kesho yake. Hata hivyo, kwenye vijiwe vya bodaboda kuanzia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo mjini, korona ilikuwa bado habari ya Wachina na Wataliano, maradhi ya watu wanaopanda ndege. Sasa Hamis Mwinjuma, ndiye huyo Mwana FA, mtoto wa Tanga, mtu wa pwani hiihii, anasema anao.

Mabango ya wizara yalikuwa yamekwishabandikwa, namba 199 ya kupiga bure ilikuwa hewani, na matangazo ya redio yalirudia maneno yaleyale asubuhi na jioni. Yote hayo yalikuwa na kazi yake. Ila bango halikohoi. Msanii ambaye mistari yake umeikariri akikwambia anaumwa, unatulia na kusikiliza, kisha unamwonyesha mwenzako, naye anamwonyesha dada yake. Ndivyo habari ilivyotembea wiki ile, mkono kwa mkono, na haikumgharimu mlipakodi hata shilingi.

Kufikia mwisho wa mwaka 2020, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilikuwa ikihesabu laini za simu zaidi ya milioni 50 na watumiaji wa intaneti takribani milioni 28. Sensa ya 2022 ikaja kuonyesha kwamba Watanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 35 ni milioni 21.3, zaidi kidogo ya theluthi moja ya watu wote. Katika nyumba nyingi za Bagamoyo, kuanzia Dunda hadi Nianjema, mwenye simu janja ni kijana, na ndiye anayewasomea wengine yaliyomo. Bibi anauliza, "Wanasemaje huko?" Mjukuu anajibu. Kampeni yoyote ya afya iliyopita kwenye simu ilipita kwanza kwenye kichwa cha huyo mjukuu, na alichochagua kukisema ndicho nyumba nzima ilichokipata.

Mfano mzuri ni suala la mkono. Mtoto wa pwani amelelewa kumpa mkubwa mkono, na kwa wengi kuubusu, huku akisema shikamoo. Watu wakitoka swala ya Ijumaa hupeana mikono mlangoni. Kumwambia kijana wa miaka 17 amnyime babu yake mkono ni kumtaka avunje adabu mbele ya watu. Kilichomwokoa ni picha. Machi 3, 2020, kabla hata mgonjwa wa kwanza hajatangazwa, Rais John Magufuli alimpokea Maalim Seif Sharif Hamad Ikulu ya Dar es Salaam, na wazee hao wawili wakasalimiana kwa miguu, kiatu kwa kiatu, wakicheka. Picha ile ilizunguka nchi nzima. Kijana akiogopa kuonekana hana adabu alikuwa na pa kushika: hata wakubwa wamefanya. Inafaa kuikumbuka picha hiyo, maana itarudi.

Wiki sita za mwanzo zilikuwa za bidii ambayo leo imeanza kusahaulika. Ndoo zenye koki ziliwekwa mbele ya maduka, magenge, misikiti na vituo vya daladala. Magari yakabeba abiria kwa "levo siti", kila mtu na kiti chake, jambo ambalo abiria wa njia ya Bagamoyo hakuwahi kuliota. Klipu za kufundisha kutengeneza kibuyu chirizi zikasambaa. Kifaa chenyewe ni dumu la lita tano lililotobolewa tundu dogo chini ya shingo na kutundikwa kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili. Kamba inashuka kutoka mdomoni mwa dumu hadi kwenye kijiti kilicholala chini. Ukikanyaga kijiti, dumu linainama na maji yanachirizika, ukiachia, linarudi. Sabuni nayo imetobolewa katikati na kuning'inizwa kwa uzi, isiporwe na kuku wala isidondoke mchangani. Hakuna anayegusa kitu alichogusa mwingine. Kibuyu chirizi hakikuzaliwa na korona, walimu wa shule za msingi walikuwa wakikifundisha miaka mingi kwenye kampeni za vyoo. Kilichobadilika ni kwamba kijana aliweza kukitazama kwenye simu kwa nusu dakika, akasimamisha, akarudisha nyuma, akatoka nje na panga kutafuta nguzo.

Hata neno lililokuja kuenea kwa kifuniko cha mdomo na pua lilitoka kwetu. Barakoa, kabla ya 2020, lilikuwa neno la wazee wa pwani na visiwani, lile vazi la kufunika uso walilovaa wanawake wa mwambao wenye asili ya Omani. Kizazi cha Bongo Fleva kilikuwa kimelisahau au hakijawahi kulisikia. Ndani ya wiki chache likawa mdomoni mwa kila konda, na mafundi cherehani wakawa wanashona barakoa za kitenge na kuzipiga picha kwa ajili ya status.

Nchi nyingine nazo zilikuwa zikijaribu yao. Vietnam ilichukua wimbo wa mapenzi uliokuwa ukipendwa, ikaubadilisha maneno, mchezaji dansi Quang Đăng akautungia mtindo wa kunawa mikono, na Februari 2020 vijana wa mataifa mengi wakawa wanaucheza TikTok. Uganda, Bobi Wine na Nubian Li walitoa wimbo wao wa tahadhari Machi hiyohiyo. Nyimbo hizi zilifika hadi pwani yetu, na kuna waliojifunza kusugua kati ya vidole kwa sababu mtindo ulidai hivyo.

Kwa Tanzania, mambo haya yana ukoo mrefu kuliko simu. Mwaka 1973 serikali ya Mwalimu Nyerere iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakawasha redio, wakasikiliza kipindi kuhusu malaria, kichocho, minyoo, kuhara na kifua kikuu, kisha wakaizima na kuzungumza. Hapo ndipo penye siri yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na kila mazungumzo yaliishia kwenye jambo la kufanya kijijini: chimbeni choo, fyekeni nyasi, fukieni madimbwi. Redio ilisema, watu wakajibu, jembe likafanya kazi.

Miaka 20 baadaye, Julai 1993, Radio Tanzania ikaanza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Waliokuwa na masikio wakati huo hawajamsahau Mkwaju, dereva wa lori aliyekuwa na mwanamke kila kituo, wala mkewe Tunu aliyechoka, akaondoka na kuanza biashara yake. Mkwaju akaugua UKIMWI mbele ya masikio ya taifa zima. Watafiti waliacha eneo la Dodoma bila mchezo huo hadi 1995 ili wapate pa kulinganisha, na wakaona kwamba waliosikiliza walibadilika zaidi: walizungumza zaidi na wenzi wao kuhusu uzazi wa mpango, wakajikinga zaidi na virusi. Watu hawakumtii Mkwaju. Walimgombeza, walimcheka, walibishana juu yake kwenye vijiwe vya kahawa, na katika mabishano hayo wakaamua mambo yao wenyewe.

Kwa hiyo Machi 2020 nchi ilikuwa na uzoefu wa karibu nusu karne wa kuzungumza na watu wake kuhusu maradhi, na sasa ilikuwa na chombo ambacho, tofauti na redio, kinamruhusu msikilizaji kujibu papo hapo. Kilichofuata kinauma kukisimulia.

Mwishoni mwa Aprili takwimu za Tanzania Bara zilisimama. Idadi iliyobaki kwenye kumbukumbu za dunia ni wagonjwa 509 na vifo 21, na ikabaki hivyo kwa zaidi ya mwaka. Mei 3, akiwa Chato, Rais Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara zikarudi na majibu ya kuwa na virusi, na akavitilia shaka vipimo. Mapema Juni alitangaza kwamba nchi imeondokana na korona kwa maombi. Julai zikatoka kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni, zilizokataza kuchapisha habari za mlipuko wa maradhi hatari bila idhini ya mamlaka husika. Adhabu ya kuvunja kanuni ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kwa kijana anayeendesha ukurasa wake mdogo wa habari za mji kutoka chumba cha kupanga, hesabu ilikuwa rahisi. Aliacha.

Ndoo zikaanza kukauka moja baada ya nyingine. Levo siti ikasahaulika.

Lakini simu hazikunyamaza, na hapa ndipo penye jambo ambalo waandaaji wa kampeni za afya wanapaswa kulitazama kwa macho mawili. Sauti yenye jina iliponyamaza, sauti isiyo na jina ilichukua zamu. Yeyote aliyekuwa kwenye kundi la WhatsApp la familia, la mtaa au la madrasa anaikumbuka. Ni klipu ya sauti ya dakika mbili au tatu. Msemaji hajitambulishi, anajiita daktari, au ndugu yake ni daktari, au yuko Ulaya. Anaongea kwa haraka na kwa kunong'ona, kama mtu anayehatarisha kazi yake kwa ajili yako. Anataja hospitali kubwa bila kutaja wodi. Mwisho anaomba uwatumie unaowapenda. Kijana anaisikiliza, anasema moyoni lisemwalo lipo, anabonyeza. Aprili 7, 2020, WhatsApp wenyewe walilazimika kuweka kikomo: ujumbe uliokwishasambazwa mara nyingi usipelekwe kwa zaidi ya mtu au kundi moja kwa wakati. Ilisaidia. Haikuweza kujaza pengo, kwa sababu anayeuliza swali na kukosa jibu huchukua jibu lolote linalopita.

Nyungu ndiyo iliyojaza sehemu kubwa. Kujifukiza ni dawa ya kale ya pwani, kila nyumba ina aliyewahi kufunikwa blanketi utotoni akitokwa jasho juu ya chungu cha mivumbasi, mchaichai na majani ya mwarobaini. Sasa iliingia mtandaoni, na vibanda vya kujifukizia vikawekwa hata katika viwanja vya hospitali. Vijana walirekodi video za sufuria zinazotoka mvuke, za vitunguu na tangawizi na malimau yakikatwakatwa. Si haki kuwacheka. Mvuke unafungua pua, na mama anayemfunika mwanawe blanketi anamtunza kwa alichonacho. Tatizo ni lile lililobebwa pamoja na mvuke: kwamba ukishajifukiza huna haja ya barakoa, na kwamba mwenye imani haugui.

Januari 27, 2021, tena Chato, Rais alionya juu ya chanjo za kigeni. Siku chache baadaye chama cha ACT-Wazalendo kikafanya jambo lililohitaji ujasiri wakati ule: kilitangaza wazi kwamba Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ana korona. Alifariki Februari 17. Mwezi mmoja kamili baadaye, Machi 17, Rais Magufuli naye akafariki, serikali ikieleza kuwa ni maradhi ya moyo. Ile picha ya miguu miwili ikarudi kwenye simu, safari hii watu wakiiweka status bila kuandika neno.

Mwanzo wa kisa cha chanjo, hata hivyo, uko nyuma zaidi, na kwa Bagamoyo una uzito wa pekee.

Aprili 1, 2020, kwenye kituo cha televisheni cha LCI cha Ufaransa, daktari Jean-Paul Mira wa hospitali ya Cochin, Paris, akizungumza na mtafiti Camille Locht, aliuliza kama utafiti wa chanjo ya BCG dhidi ya korona usingefaa kufanyiwa Afrika, ambako hakuna barakoa wala matibabu. Kipande kile kifupi kilivuka bahari kwa saa chache. Didier Drogba na Samuel Eto'o walikikemea, Mira akaomba radhi, na Aprili 6 mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akakiita kauli ya kibaguzi. Ghadhabu ilikuwa ya haki. Ila kwenye simu za pwani kipande kile kilikatwa, kikatafsiriwa juujuu, kikawekewa muziki wa kutisha, na kikawa ushahidi kwamba chanjo yoyote itakayokuja ni jaribio juu ya mwili wa Mwafrika. Wengi waliokisambaza walikuwa na kovu dogo la duara begani. Kovu hilo ni la BCG yenyewe, chanjo ya kifua kikuu waliyochomwa wakiwa wachanga.

Tena walikuwa wanaishi Bagamoyo. Ndani ya eneo la hospitali ya wilaya, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka ufukweni kunakonadiwa samaki, kiko kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto wachanga 340 wa Bagamoyo, ukiongozwa na Dk Salim Abdulla. Ukafuata utafiti mkubwa wa awamu ya tatu, kuanzia 2009 hadi 2014, uliohusisha watoto 15,459 katika nchi saba. Kwa Tanzania vituo vilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa Afrika. Mwaka huohuo Bagamoyo ikawa moja ya vituo vya utafiti wa mwisho wa chanjo nyingine ya malaria, R21, ikiongozwa hapo na Dk Ally Olotu, nayo ikapendekezwa Oktoba 2023.

Tupige hesabu. Wale wachanga 340 walikuwa wameingia umri wa kubalehe korona ilipofika. Baadhi yao, bila shaka, walikuwa na simu. Kijana wa Bagamoyo aliyeambiwa kwamba chanjo ni njama ya kumfanya Mwafrika panya wa maabara huenda alikuwa yeye mwenyewe mtoto aliyebebwa mgongoni kwenda kliniki ile, mama yake akisomewa fomu, akiuliza maswali, akikubali au akikataa. Ushuhuda ulikuwa jikoni kwao. Mama yule angeweza kueleza alichoambiwa, alichoogopa, na nani alikuja nyumbani kumtazama mtoto homa ilipopanda. Katika msimu wote wa klipu za kunong'ona, sauti za akina mama hao hazikusikika mitandaoni, na hiyo ni hasara kubwa kuliko bajeti yoyote ya matangazo iliyokosekana.

Hofu ya damu na sindano nayo ni ya zamani pwani. Hadithi za mumiani, watu wanaokamata wapita njia usiku na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa, zilikuwa zikisimuliwa Tanganyika na Mombasa tangu enzi za ukoloni. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, huko Kilifi walikutana na uvumi wa aina hiyo, na badala ya kuwabeza wenyeji waliunda mtandao wa wawakilishi wa jamii waliochaguliwa na vijiji ili maswali yaulizwe uso kwa uso. Klipu ya 2020 ni mumiani aliyepewa simu. Kumjibu kwa bango lenye rangi nzuri na nembo tano chini yake ni kupoteza wino.

Rais Samia Suluhu Hassan, aliyemrithi Magufuli, aliunda kamati ya wataalamu, na upepo ukageuka. Julai 24, 2021 zilitua Dar es Salaam dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson, na Julai 28 Rais akachanjwa Ikulu mbele ya kamera. Ugonjwa ukapewa jina rasmi la Kiswahili, UVIKO-19, na usajili wa chanjo ukafunguliwa mtandaoni. Katika ufunguzi huo vijana hawakuwa mstari wa mbele: walengwa wa kwanza walikuwa wahudumu wa afya, wenye umri wa zaidi ya miaka 50 na wenye maradhi sugu. Utaratibu huo ulikuwa sahihi kitabibu, lakini uliwaacha vijana wiki kadhaa wakiwa watazamaji, na jukwaa halikuwa tupu. Askofu Josephat Gwajima, wakati huo Mbunge wa Kawe, jimbo linalopitiwa na njia yetu ya Bagamoyo, alikuwa akihubiri dhidi ya chanjo, na mahubiri yake yalikatwa vipande na kusambazwa. Bunge lilimwita kwenye kamati na kumsimamisha mikutano miwili. Adhabu hiyo haikuzuia klipu hata moja.

Hofu iliyowashika vijana zaidi haikuwa kifo. Ilikuwa utasa na kupungukiwa nguvu za kiume. Mvulana wa miaka 22 anayeanza kutafuta mchumba haogopi ugonjwa anaoamini ni wa wazee, anaogopa kuitwa si mwanamume. Hilo halizungumzwi kwenye tangazo la televisheni, wala yeye hawezi kumuuliza mwalimu wake wa dini. Anauliza kwenye simu, gizani.

Ndipo ikaja kampeni ya Ujanja Kuchanja. Waliolitunga jina hilo walijua lugha ya mtaani. Mjanja, kwa vijana, ni aliyefunguka, anayejua mji, asiyelaghaiwa, na kinyume chake ni mshamba. Kwa mwaka mzima uvumi ulikuwa umejinadi kama ujanja: sisi tumeshtuka, hatudanganyiki. Kampeni ililirudisha neno upande wa pili kwa vina viwili vinavyokaa vizuri mdomoni. Wasanii na watu maarufu walivaa fulana zake, wakaposti picha wakiwa wamekunja mikono ya mashati. Hiyo ilikuwa lugha nzuri kuliko maelekezo yote yaliyotangulia.

Je, ilitosha? Mwanzoni mwa 2022 waliokamilisha chanjo walikuwa bado chini ya Mtanzania mmoja kati ya kumi. Kufikia katikati ya 2023 walikuwa wamevuka nusu ya watu wote nchini, mruko ambao nchi chache za Afrika ziliufikia. Kilichotokea katikati kina jina refu la kiserikali, Mpango Shirikishi na Harakishi, na maana yake fupi ni kwamba wauguzi walitoka vituoni. Walibeba masanduku ya baridi hadi sokoni, stendi, mashambani, kwenye minada na nyumba kwa nyumba, wakiwa na viongozi wa mitaa na wa dini. Muuguzi aliposimama mbele ya kijana, lile swali la gizani lilipata mtu wa kuulizwa. Simu ilikuwa imemtayarisha kijana, kwa wema au kwa ubaya, lakini aliyemfanya akunje shati alikuwa mtu mwenye jina, anayejulikana mtaa anaokaa, na ambaye akikudanganya utamkuta kesho.

Bagamoyo ilikuwa na nafasi ya kufanya zaidi. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa 1981, tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, na kila mwaka tamasha lake hujaza mji ngoma, maigizo na sarakasi. Wanaosoma pale ni vijana, na miongoni mwa wanayofundishwa ni maigizo ya kijamii, ambamo hadhira haiketi kimya: inasimama, inamkatiza mwigizaji, inabadili mwisho. Penina Muhando na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliipeleka sanaa hiyo vijijini tangu miaka ya 1980. Ni vikundi vichache vya afya nchini vinavyoweza kujivunia mtaji wa namna hiyo umbali mfupi kutoka hospitali ya wilaya na kituo cha utafiti wa chanjo. Igizo moja la mama, mtoto na sindano, likirekodiwa kwa simu pale karibu na Ngome Kongwe na kusambazwa kwa lafudhi ya hapahapa, lingeijibu klipu ya kunong'ona kwa silaha yake yenyewe.

Vijana wengine walipambana kwa njia nyingine. Huko Dar es Salaam, Nukta Africa ilianzisha NuktaFakti, jukwaa la kuhakiki habari kwa Kiswahili, na kufundisha waandishi chipukizi namna ya kufuatilia picha hadi chanzo chake na kutambua klipu iliyokatwa. Ujuzi huo sasa unahitajika shuleni kama hesabu za kuzidisha.

Maradhi hayakungoja. Machi 2023, homa ya virusi vya Marburg ilipozuka Kagera, wizara ilitangaza wagonjwa na vifo, ikaendelea kutoa taarifa hadi ilipotangaza mwisho wa mlipuko Juni, na uvumi haukupata nafasi ya kunenepa. Januari 2025 ugonjwa uleule uliporudi Biharamulo, kwanza ilielezwa kwamba sampuli hazina virusi, kisha siku chache baadaye, Januari 20, Rais akathibitisha mgonjwa akiwa na Tedros pembeni yake. Katika siku hizo chache za katikati, klipu zisizo na jina zilikuwa zimekwishaanza safari.

Na Aprili 2024 chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 nchini kote. Uvumi uliokuja nayo ulikuwa uleule wa utasa, safari hii ukitembea TikTok. Binti wa Bagamoyo aliyekuwa na miaka 10 shule zilipofungwa Machi 2020 alikuwa na miaka 14 wauguzi walipoingia shuleni kwao na sanduku la baridi. Alikuwa amekwishaona ndoo zikijazwa na zikikauka, picha ya miguu miwili ikisambazwa mara mbili kwa sababu mbili, na kaka yake akikataa sindano mwaka mmoja na kuikubali mwaka uliofuata. Alikaa kwenye benchi na wenzake nje ya darasa, shati la sare limekunjwa hadi begani, akisubiri jina lake liitwe. Ana maswali, na kwa siku hiyo moja muuguzi yuko mbele yake.